Kwenu Wapi

Ghala la Ngozi, nyuma ya stesheni,
Moshi
4 Novemba 1951

Shemeji yangu Ndelilio,

Shikamoo. Nawaombea uzima wewe na dada Tabitha na watoto. Mimi ni mzima wa mwili.

Tangu tulipomzika Yunusu huko kwenu mwezi wa Julai sijakuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu namkumbuka aliyenifundisha kuishika. Alikuwa akinitazama na kusema, "Usiibane hivyo, si kuku." Ninyi mnamwita Eliona, jina alilobatizwa. Mimi nilimjua kwa jina alilolichukua aliponioa, na naomba unisamehe nikiendelea nalo.

Nakueleza nilipo. Chumba chetu cha kupanga hakipo tena. Mwezi wa Septemba wakubwa wa mji walisema nyumba za udongo za nyuma ya stesheni ni chafu, zinaleta maradhi, na tena barabara itapita hapo. Wakaja asubuhi na masululu. Nilikuwa na chungu motoni. Askari mmoja alinisaidia kukitoa nje, akasema, "Pole mama, na maharage yenyewe hayajaiva." Barabara mpaka leo haijapita. Wamepita mbuzi.

Sasa tunalala katika ghala la zamani la ngozi, watu wengi pamoja, tumegawana nafasi kwa mapazia ya magunia. Sakafu imekunywa chumvi ya ngozi za miaka na miaka, kwa hiyo ikifika alfajiri inatoa jasho, na nguo zinakuwa mbichi kama zimetoka kufuliwa. Jirani yangu wa kushoto ni Mzee Rajabu, aliyekuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani. Wa kulia ni Shani, muuza vitumbua, ambaye ulimi wake unatosha kupasulia kuni.

Lakini ipo habari njema. Unakumbuka kazi ya mwisho ya Yunusu ilikuwa tanuri la matofali kando ya mto? Matofali yale ni ya nyumba ambazo wakubwa wameahidi kuwajengea watu wasio na pa kulala: safu ya vyumba, kila kimoja na dirisha lake. Yunusu alikuwa akiligonga tofali kwa kifundo cha kidole, kisha anasikiliza, kama mtu aliyebisha hodi. Anasema, "Hili la mpagazi. Hili la mlevi. Hili la mjane." Hakujua mjane ni nani.

Juzi Bwana Shauri, yule Mzungu wa Serikali, alikuja na karani wake, Wenseslaus wa Kibosho, kutuuliza mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja tu: "Kwenu wapi?" Nikajibu, "Kwetu Marangu." Mwanamke aliyeolewa kwao ni kwa mumewe, na mume wangu amelala huko. Mzee Rajabu akasema Tabora. Shani akasema Pangani. Kila mtu alitaja kwao kwa sauti, na ilikuwa raha kusikia, ghala zima likawa kama arusi watu wanapojuana ukoo. Karani akafurahi, akasema, "Mmejibu vizuri sana."

Basi tunangoja vyumba.

Ni mimi shemeji yako,
Sikudhani


Marangu
19 Novemba 1951

Mke wa ndugu yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Tabitha. Amelia kidogo kwa ajili ya chungu chako.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha. Juma lililopita mchili wetu, yule mkubwa wa mtaa, alituita barazani. Alisema ametumiwa neno kutoka Moshi: je, mjane wa Eliona ana mahali katika kihamba, shamba la ukoo, cha baba yao? Mara moja nilijua wanachotafuta. Wanataka kusikia kama sisi ni watu wa kumtupa mjane mjini kama ganda la ndizi. Nikasimama. Nikasema mbele ya wazee wote, "Kwake kupo."

Mchili akauliza, "Una hakika, Ndelilio?"

Nikasema, "Mke wa Eliona hana haja ya kuomba paa kwa mtu. Kihamba hiki baba yetu alikipata kwa baba yake, na miti ya masale iliyopandwa mpakani ni shahidi."

Wazee waliguna vizuri. Hata Eliufoo, ambaye hawezi kunisifu hata nikimtoa ng'ombe wake shimoni, alinishika mkono. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo. Nilijiona nimemlipa ndugu yangu heshima ambayo sikumlipa alipokuwa hai, kwa kuwa unajua tulivyonuniana alipobadili dini.

Nyumba yake iko palepale chini ya migomba, na mabati aliyoyaezeka kwa mikono yake hayavuji. Kahawa mwaka huu imezaa, na tumepata mashine mpya ya kuimenya. Nimempa Filemon, dereva wa lori la kahawa, akuletee mkungu wa ndizi za mtori.

Usinishukuru.

Ndelilio


Ghala la Ngozi, Moshi
10 Desemba 1951

Shemeji,

Ndizi zilifika na ghala zima lilikula. Ahsante. Sasa nisikilize.

Bwana Shauri alirudi. Tulivaa nguo nzuri tulizonazo. Mzee Rajabu alivaa kofia yake ya kitani, ile ya Idi. Tukajua tumeitwa kuonyeshwa kiwanja. Bwana akasema kwa Kiingereza, Wenseslaus akatafsiri: "Serikali imeuliza kila mmoja wenu, na kila mmoja ana kwao. Nyumba zilikuwa za watu wasio na kwao. Watu hao tumewatafuta Moshi nzima, hatukuwaona. Kwa hiyo nyumba hazihitajiki."

Shani ndiye aliyeanza. "Bwana karani, mwambie mimi Pangani nilitoka nikiwa mgongoni mwa mama."

"Ulisema kwenu Pangani."

"Ndiyo, kwetu Pangani. Lakini Pangani ni ya kujibia watu. Huwezi kulalia jibu."

Wenseslaus alicheka, kisha akakumbuka kazi yake.

Nikasimama mimi. Nikasema mume wangu amefariki, na huko Marangu sijapata kulala hata siku moja ila siku za msiba. Akaniambia kwa upole, "Mama, wewe ndiye mwenye nafuu kuliko wote. Shemeji yako amethibitisha mbele ya baraza. Kwako kupo." Aliyatamka maneno yako, shemeji, yaleyale. Nilihisi kama mtu amenifungia mlango kwa mkono laini, nami niko nje.

Ewe shemeji, mtu akikuuliza kwenu wapi, unamtajia unapolala? Unamtajia walipo wafu wako. Hata mtoto anajua. Wenseslaus anajua, mama yake alimfundisha. Lakini alisimama pale akaligeuza swali la adabu likawa panga, na mwenye panga hata hakujua analishika upande gani.

Matofali wameanza kuyabeba kwa mikokoteni. Yanakwenda kujenga ukuta wa uwanja wa tenisi wa Wazungu, ili mipira isipotee. Mipira imepata ukuta. Nilisimama kando ya njia nikayaangalia yakipita, na nilikuwa najua sauti ya kila moja.

Sisi tumepewa mpaka mwisho wa Januari, kila mtu arudi kwao. Jioni Mzee Rajabu akaniuliza, "Mwanangu, hivi Tabora ni upande gani siku hizi?"

Sikulaumu kwa moyo mbaya. Ulinitetea. Lakini umenitetea mpaka nimekosa pa kuingia. Nijibu wazi: hiyo nyumba ya palepale ina nafasi ya mtu kulala? Kama ipo, nitakuja.

Sikudhani


Marangu
20 Desemba 1951

Mke wa ndugu yangu,

Barua yako imenichoma. Usije kwa sasa. Njia inateleza, Tabitha ana homa, na baada ya sikukuu tutazungumza kwa utulivu.

Filemon ananiambia kuna watu hapo ghalani wanaoshauriana kwenda kwa Bwana Shauri wakaseme hawana kwao. Nakusihi usitamke neno hilo. Huku kwetu hata mwendawazimu ana kwao. Asiye na kwao ni yule aliyefukuzwa na ukoo kwa kumwaga damu. Ukisema huna kwenu, utakuwa umemtoa Eliona kaburini.

Subira ni jambo jema.

Ndelilio


Ghala la Ngozi, Moshi
16 Januari 1952

Shemeji,

Nimerudi salama. Najua hukunitazamia. Ulipotoka shambani ukaona mtu amesimama mlangoni mwa nyumba ya marehemu, ulisema "Karibu" kabla ya kutazama, kisha ukatazama.

Dada Tabitha hakuwa na homa. Alikuwa anasaga ulezi, akaacha, akanikumbatia na unga mikononi. Mtori wake sitausahau. Hakuna aliyenifanyia ubaya kwenu, na hilo ndilo linalonifanya nikose hata mtu wa kumkasirikia.

Niliiona nyumba. Mashine ya kahawa iko katikati, magunia yamepangwa ukutani, na upande ule aliokuwa akilala Yunusu utotoni, alioniambia kwamba mama yenu alikuwa akiukandika kwa samadi na majivu usiingie siafu, amefungwa ng'ombe na ndama wake. Simwonei wivu ng'ombe. Naye anahitaji pa kulala. Ila ana bahati kunishinda, hakuulizwa kwao.

Nililala jikoni karibu na mafiga. Jumapili wakaja wale wazee wawili wa kanisa. Kwangu wakasema kwa Kiswahili, "Mama mgeni, umekuja kututembelea?" Kwako wakasema kwa Kichagga, wakidhani sielewi. Miaka yote niliyoishi na Mchagga, shemeji! Walikuuliza nitakaa mpaka lini. Walikuuliza kama unataka watu waseme wewe, mwalimu wa Jumapili, umerithi mjane, tena Mwislamu. Nawe ukaitazama miguu yako. Siku ya baraza ulinyoosha mgongo. Jumapili ulitazama miguu. Mimi niliyekuwa katikati ya siku hizo mbili nikafunga kanga yangu, nikashuka na lori.

Uliniandikia nisiseme sina kwetu. Nikuambie kwa nini hata mimi siwezi. Bibi yangu mzaa mama aliletwa hapa na msafara akiwa mtoto mdogo, amefungwa pamoja na wengine. Hakulijua jina la kijiji chao. Alikumbuka mto wenye mawe mekundu, basi. Mpaka anazeeka, mtu akitaka kumuumiza alimwita "asiye na kwao," na bibi alikuwa akiingia ndani na kufunga dirisha. Mzee Rajabu naye aliwahi kuwa mali ya mtu. Hiyo Tabora anayoitaja alipewa na tajiri wake, naye aliishika kwa mikono miwili kwa sababu hakuwa na nyingine.

Sasa wakubwa wanataka tulitaje tusi hilo wenyewe, kwa midomo yetu, hadharani, ndipo watupe paa. Nikisema nina kwetu, niende zangu. Nikisema sina, nimejiita mtumwa. Hilo ni swali gani ambalo majibu yake yote mawili yanakulaza nje?

Sikudhani


Marangu
22 Januari 1952

Mke wa ndugu yangu,

Maneno yameniishia. Nimetia ndani ya barua hii kitu ambacho kwetu kinasema kuliko mdomo. Kipokee.

Ndelilio


Ghala la Ngozi, Moshi
28 Januari 1952

Shemeji,

Nimeifungua barua yako mbele ya Shani. Likadondoka jani la isale, limefungwa fundo.

Nalijua jani hilo. Siku ya kwanza Yunusu aliponileta kwenu alinionyesha masale yaliyopandwa kuzunguka kihamba, akaniambia, "Huu ndio ukuta wetu. Usiyavuke masale ya mtu bila kuita." Basi nimeelewa. Umenitumia mpaka, tena umeufunga fundo nisije nikasahau. Ungeandika tu, ningekuelewa. Siku zote nimekuelewa upesi.

Nakurudishia jani lako kwa mkono wa Filemon. Fundo Shani amelifungua, akitafuta kama kuna kitu ndani.

Jumatatu ijayo Bwana Shauri anakuja na askari kututoa. Usijisumbue.

Sikudhani


Ghala la Ngozi, Moshi
4 Februari 1952

Mama Yuditha,

Usinisubiri leo, Tabitha. Nalala hapa Moshi, na Filemon atakupa karatasi hii asubuhi.

Uliniona Alhamisi nilivyokaa juu ya magunia, ukaniuliza kulikoni. Filemon alikuwa amenikabidhi isale, limerudishwa, na fundo limefunguliwa. Unajua wewe maana yake. Babu yangu alisamehe damu ya kaka yake kwa jani kama lile. Isale halikataliwi. Nikasema, basi nimefanya kosa kubwa kuliko damu. Ndipo nikashuka.

Nilimkuta Sikudhani anakunja magunia. Nikamwambia nimekuja kukataliwa uso kwa uso. Akasema, "Si wewe uliyenitumia mpaka?" Nikasema lile si la mpaka, lile ni la kuomba msamaha. Akasema, "Kwani isale si mpaka?" Nikasema ni mpaka, na ni msamaha pia. Akasema, "Shemeji, mti mmoja kazi mbili. Mtu wa mjini atajuaje?" Tukacheka, Mama Yuditha, tukacheka mpaka yule muuza vitumbua akatuuliza tumekunywa nini asubuhi yote ile. Sikudhani akaomba jani. Nilikuwa nalo mfukoni. Akalifunga yeye mwenyewe, fundo likakaa vibaya kama la viatu vya mtoto, akalitia kifuani.

Kisha Bwana Shauri akaja. Alikuwa na leso puani, kwa sababu ya harufu ya ngozi. Watu walimwomba waulizwe upya kabla ya kutolewa. Akakubali, nadhani kwa kuwa aliona itakwisha upesi.

Walianza na Mzee Rajabu. "Kwenu wapi?"

"Hapa."

"Hapa si jibu," karani akatafsiri. "Hapa ni kiwanja cha Serikali. Ukisema kwenu ni hapa, basi umevamia."

Mzee akavua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena.

Nikaona lazima nisimame. Nikasema, "Bwana, mimi ndiye niliyesema kwake kupo. Ni kweli, na kesho itakuwa kweli. Mwanamke huyu akifa tutamlilia, tutamchimbia karibu na mumewe. Kwao mtu ni pale watakapomzika. Hukuniuliza atalala wapi kabla ya hapo."

Wenseslaus alichelewa kutafsiri. Alikuwa anatazama nje, upande wa mlima.

Ndipo Sikudhani akasema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo Eliona alituambia huwezi kuisikia mpaka uache kutafuna: "Bwana, usituulize kwetu. Tuulize tulilala wapi jana."

Bwana akauliza. Mmoja mmoja wakajibu. "Hapa." "Hapa." "Hapa, karibu na mlango, panaponyeshewa." Watoto pia walijibu. Shani zamu yake ilipofika akasema, "Bwana, shusha leso, unuse jibu."

Amesema ataandika kwa wakubwa wake. Hakututoa. Askari wamerudi. Sijui kama ni ushindi au ni uchovu wake tu. Nimelala hapa ili nijue nilichokuwa nakisema barazani. Sakafu hii inatoa maji usiyoyaona, na mgongo wangu sasa umelowa.

Ng'ombe mtoe nyumbani kwa Eliona. Mfunge nyuma ya jiko. Eliufoo akiuliza, mwambie aniulize mimi.

Mume wako,
Ndelilio


Moshi
21 Aprili 1952

Shemeji yangu,

Shikamoo. Umeniuliza kwa nini nimenyamaza tangu Machi. Nilikuwa nangoja niwe na habari ya kumaliza sentensi, lakini wakubwa hawaishi kuandika nusu.

Vyumba vilikubaliwa. Kisha ikasemekana hakuna matofali. Sote tunajua yalipo, mtu anaweza kuyaona kutoka barabarani, yamenyooka vizuri, na watu wamevaa nyeupe upande wa pili. Basi wakasema tujengewe kwa fito na udongo, yaani zilezile nyumba walizozibomoa Septemba kwa kuwa zinaleta maradhi. Inaonekana udongo ni mchafu ukiupanga mwenyewe, ukipewa unakuwa safi. Safu ikapunguzwa nusu. Kuta zikafika usawa wa madirisha, masika yakaanza, na mafundi wakahamishwa kwenda kukarabati nyumba ya bwana mmoja aliyehamia kutoka Tanga na mke wake. Tukaambiwa tungoje mvua ziishe.

Mzee Rajabu hakungoja. Alikohoa juma la kwanza la mvua, juma la pili akawa haketi. Nilimpelekea uji, akasema una chumvi, naye alikuwa amelala juu ya chumvi. Alifariki asubuhi, kofia yake ikiwa kifuani. Tulimwosha sisi.

Wenseslaus akaja, kwa kuwa mtu akifa mjini lazima ofisi ijue. Akauliza kama ilivyo kawaida yake, "Kwao wapi?"

Shani akasema, "Hapa."

Nilisubiri aseme hapa si jibu. Hakusema. Akaandika, akasema, "Poleni sana," akaenda zake.

Shemeji, jibu lilelile. Mzee alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama, akitaka chumba, wakamwita mvamizi. Tulilisema sisi juu ya maiti yake, likatosha. Kwa ajili ya shimo hapa ni kwenu. Kwa ajili ya paa, nenda Tabora.

Siku ya mazishi tulitoka makaburini hatukurudi ghalani. Hatukushauriana. Tuliingia ndani ya zile kuta nusu, kila mtu na mkeka wake, maana tuliogopa nazo zisije zikatembea kama matofali. Tumetandaza magunia juu. Mvua inayapita kama haiyaoni. Sikuombi kitu. Nimekueleza tu nilipo, kama nilivyofanya barua ya kwanza.

Sikudhani


Marangu
2 Mei 1952

Shemeji,

Filemon anakuletea mabati ya Yunusu.

Nimeyang'oa mwenyewe, Tabitha akiyapokea chini. Misumari nimeinyoosha, iko kwenye mfuko wa unga. Yale matundu ya zamani yeye aliyaziba kwa lami na pamba, usiyaguse, yanafaa. Hayatoshi safu yote. Yatatosha chako na cha Shani, na pengine cha jirani mkibanana. Wa misheni wameahidi mengine, nitawafuata mpaka wanichoke.

Mashine ya kahawa nimeifunika kwa majani ya migomba. Mchili alipita akauliza kwa nini naibomoa nyumba niliyoitaja mbele ya baraza. Nikamwambia siibomoi, naihamisha. Alisema haijawahi kusikika. Nikasema hata mimi ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Wazee wa kanisa wamekuja pia. Safari hii niliwatazama wao.

Katika kopo kuna mche wa isale, una mizizi. Si wa kuomba chochote. Ni wa kupanda.

Ndelilio


Kwangu, Moshi
11 Mei 1952

Shemeji yangu,

Shikamoo. Mabati yalifika na Filemon akatusaidia kuyapandisha. Mvua ya kwanza ilipoanguka nilikaa kitako, sikuweza kufanya kazi. Inagonga kama yeye alivyokuwa akigonga, kifundo, kisha kimya kidogo, kisha kifundo, kana kwamba anasikiliza kama nimeiva. Umeandika jina lake kama nilivyolijua. Nimeliona.

Wengine bado wanalala chini ya magunia. Usiku tunaingia kwa zamu, watoto kwanza. Sijatulia wala sijashukuru, na nikiulizwa nitasema hivyo.

Isale nimelipanda mlangoni. Shani anauliza ni la kazi ipi kati ya zile mbili. Nimemwambia inategemea nani anakuja.

Jana amekuja Wenseslaus. Alisimama upande wa nje wa mche, akayatazama mabati kwa muda mrefu, akauliza nani ameruhusu nyumba hii kuezekwa.

Nikamwambia, "Mlithibitishiwa wenyewe barazani. Kwake kupo. Basi ndiko huku, kumeshuka kwa lori."

Akasema atamwuliza Bwana Shauri, kisha atarudi.

Nimemwambia arudi, ila akifika aite hodi.

Sikudhani